Mtoto Hukua, Nguo Haikui

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kilole, Korogwe)

  Nimeombwa nizungumze juu ya nguo za watoto, na namna ya kutopoteza hela katika nguo hizo. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kupima, kukata na kushona. Kwa hiyo nitasema yale ninayoyaona barazani kila siku, na ninyi mtanisahihisha.

Ikifika Desemba, barazani kwa fundi hapakaliki. Kila mzazi anataka sare kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mama anaingia na mtoto wake, anasema: "Fundi, mshonee kubwa, akue nayo." Basi fundi anashona kubwa. Mtoto anavaa shati ambalo mabega yake yanafika karibu na viwiko. Kaptula anaishika kwa mkono akikimbia. Wenzake wanamcheka.

Haya, tuhesabu. Mwaka wa kwanza shati ni jipya, lakini halimkai. Mwaka wa pili limeanza kumkaa, lakini kola imechanika na mgongo umekuwa mwepesi kama chandarua. Mwaka wa tatu ni tambara. Sasa mtoto huyo amevaa lini shati zuri linalomtosha? Hakuvaa hata siku moja. Alivaa jipya lisilomtosha, kisha akavaa linalomtosha lililochakaa. Na mama yake anaamini kwamba ameokoa hela.

Mimi nasema hakuokoa. Shati kubwa linakula kitambaa kingi. Linanasa kwenye miti, kwenye misumari ya madawati, kwenye baiskeli. Gauni linaloburuta ni hatari zaidi jikoni. Mtoto wa kike anainama kupuliza moto kwenye mafiga, pindo linagusa kaa, na nguo inashika moto. Jambo hilo si la mzaha.

Wako wengine wanaokwenda upande wa pili. Wao hawanunui kabisa mpaka nguo ipasuke. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne. Jambo hilo limetusaidia sana. Lakini sare, madaftari na viatu vimebaki juu ya mzazi. Sasa mtazame mtoto wa kike wa darasa la sita. Sketi imepanda juu ya magoti. Shati limembana kifuani, kifungo cha pili hakifungi. Jumatatu asubuhi anasema kichwa kinamuuma. Jumatano tumbo. Mama anadhani mtoto amekuwa mvivu. Ukimwuliza hasemi, kwa sababu anaona haya, na anajua nyumbani hakuna hela. Mtoto huyo haumwi. Anaumwa na shati.

Kwa hiyo tunatafuta njia ya kati. Tunataka nguo inayomtosha mtoto leo, na inayoweza kumfuata akikua. Ili tuipate, kwanza tujue mtoto anakuaje.

MTOTO ANAKUAJE?

Mtoto akizaliwa huwa na urefu wa sentimita 50 hivi. Akifika mwaka mmoja huwa na sentimita 75 hivi. Yaani kwa mwaka mmoja ameongeza nusu ya urefu aliozaliwa nao! Uzito wake huzidi mara mbili akifika miezi mitano, na mara tatu akifika mwaka. Kwa hiyo kununua nguo nyingi za mtoto mchanga ni kutupa hela. Nguo ya mtoto mchanga huvaliwa miezi miwili au mitatu tu. Azima kwa dada yako, kwa jirani, kwa shemeji. Nguo za watoto wachanga karibu zote ni nzima, maana mtoto mchanga hapandi miti wala hakai kwenye dawati. Khanga za zamani zilizolainika zinafaa kwa nepi na kwa kumfunika. Zifue vizuri, zianike juani, zipige pasi.

Mwaka wa pili mtoto huongeza sentimita 12 hivi. Kisha mwendo unapungua. Mtoto wa miaka 5 hadi 10 huongeza sentimita 5 au 6 tu kwa mwaka. Huu ndio wakati wa kuokoa hela, kwa sababu mtoto anakua polepole na kwa mwendo unaojulikana.

Halafu anafika umri wa kubalehe na mambo yanabadilika ghafla. Msichana huanza mapema, mara nyingi kati ya miaka 10 na 13. Mvulana humfuata baada ya miaka miwili hivi. Katika mwaka mmoja msichana anaweza kuongeza sentimita 8, na mvulana 9 au zaidi. Ndiyo maana mtoto uliyemshonea Januari, Agosti suruali imepanda juu ya vifundo vya miguu. Usimgombeze. Hakufanya kosa lolote.

Nawaomba kila mmoja afanye jambo hili. Chukua penseli. Msimamishe mtoto penye mwimo wa mlango bila viatu, visigino viguse mwimo. Weka kitabu juu ya kichwa, kikiwa sawa. Piga mstari. Andika jina na tarehe. Fanya hivyo Januari na tena Julai. Sisi sote hapa tunajua kusoma na kuandika, na mlango wako ni ubao wa bure.

Mstari huo utakusaidia kwa nguo, lakini utakuambia pia jambo kubwa zaidi ya nguo. Nasikia wazazi wengine wakisema kwa furaha: "Mwanangu ana bahati, gauni la mwaka juzi bado linamkaa vilevile." Ndugu zangu, hiyo si bahati. Mtoto wa miaka mitatu ambaye nguo ya mwaka juzi bado inamkaa vilevile, huyo hakui. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 10 wenye umri chini ya miaka 5 hapa Tanzania, watoto 3 ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Hali hiyo inaitwa udumavu. Chanzo chake ni chakula kisichotosha au cha aina moja tu, pamoja na maradhi ya mara kwa mara kama kuhara. Ugali peke yake asubuhi, mchana na jioni haurefushi mtoto. Anahitaji maharage, dagaa, yai, mboga za majani, matunda. Ukiona mstari wa mlangoni haujapanda, chukua kadi ya kliniki umpeleke mtoto kituo cha afya. Hela ya gauni uliyoiokoa, nunua maharage.

Mimi ni fundi, si mganga. Lakini utepe wa fundi huona mambo mengi.

UREFU KWANZA, UPANA BAADAYE

Turudi kwenye kitambaa. Mtoto wa shule ya msingi akikua sentimita 6 kwa mwaka, sehemu kubwa inakwenda kwenye miguu. Kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu anaongeza sentimita 4 hivi. Kutoka kiunoni hadi gotini anaongeza 2 hivi. Kifuani anaongezeka sentimita 2 tu kuzunguka mwili mzima. Mnaona? Mtoto anarefuka kuliko anavyonenepa. Lakini sisi tukisema "mshonee kubwa" tunampanua kama gunia, na urefu hatuuwekei akiba.

Basi ukienda kwa fundi usiseme "kubwa". Sema hivi: "Nishonee inayomtosha, niwekee akiba ya pindo." Suruali iwekewe pindo la sentimita 8. Hiyo ni miaka miwili. Sketi iwekewe pindo la sentimita 6, yaani miaka mitatu kwa urefu, ingawa kiuno kitataka kufunguliwa kabla ya hapo. Usizidishe sana. Pindo pana mno ni zito, nguo inaning'inia vibaya, na kila mtu anajua kwamba mtoto amebeba akiba ya miaka mitano miguuni.

Pindo hilo lishonwe kwa mkono, kwa nyuzi za mbalimbali, ili usipate taabu kulifungua. Ukilifungua utaona alama ya mstari pale lilipokunjwa. Lowesha kitambaa kingine, kiweke juu, piga pasi ya moto. Alama ikikataa kutoka, shona utepe mwembamba juu yake. Itaonekana kama pambo.

Kiunoni, kaptula na suruali iachiwe kitambaa cha sentimita 3 kila upande katika mshono wa nyuma wa katikati. Mtoto akinenepa fundi anafungua mshono huo kwa muda mfupi. Sketi ya mtoto mdogo itiwe lastiki nyuma. Lastiki ikilegea inabadilishwa, nguo inabaki. Gauni la mtoto wa miaka 2 hadi 6 lisikatwe kiunoni. Liwe na kipande kifuani, halafu rinda zishuke kutoka hapo. Gauni la namna hiyo huvaliwa miaka miwili, na mwaka wa tatu linakuwa blauzi juu ya sketi. Mikono ya shati iwe mifupi. Mkono mrefu humpungukia mtoto kila mwaka, lakini mkono mfupi hakuna anayeuona.

Makalio ya kaptula ndiyo yanayokufa kwanza. Dawati la mbao linasugua kuanzia asubuhi hadi mchana. Mwambie fundi atie kiraka cha ndani kwenye makalio tangu siku ya kwanza, kabla nguo haijachakaa. Kiraka cha siku ya kwanza hakionekani, na kaptula inadumu zaidi. Kiraka cha mwaka wa pili watu wote wanakiona.

Sasa nitasema neno ambalo mafundi wenzangu hawatalipenda. Dai vipande vyako. Ukipeleka mita mbili za kitambaa, mabaki ni mali yako. Vipande hivyo vina rangi ileile ya sare, na ndivyo vitakavyokupa viraka, mifuko mipya na kola. Tena mwambie fundi asipunguze kingo za ndani ya mishono. Wengine hukata karibu na mshono ili nguo ionekane safi ndani. Wakishakata, akiba imekwisha.

Jambo moja zaidi kabla ya kukata. Kitambaa cha pamba kikifuliwa mara ya kwanza hurudi. Mita moja inaweza kupungua sentimita 3, 4, hata 5. Ukishona kabla ya kukilowesha, mtoto atapoteza pindo la mwaka mzima siku ya kufua mara ya kwanza. Lowesha kitambaa usiku kucha, kianike kivulini, kipige pasi, ndipo ukipeleke kwa fundi.

HABARI YA MITUMBA

Najua wengi wenu mnasema moyoni: "Fundi anavutia kwake, mbona mitumba ni rahisi?" Ni kweli. Tuizungumze mitumba bila kuoneana haya.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China. Mwanza kulikuwa na Mwatex. Pamba yetu ilisokotwa na kufumwa hapa hapa nchini. Lakini baada ya vita na Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika, vipuri vya mashine vikakosekana, na dukani kitambaa kikawa cha kupanga foleni. Mtoto alikuwa na nguo moja. Ikifuliwa, anakaa ndani mpaka ikauke. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa kutoka nje. Tangu hapo soko likafunguka, na nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani zikaingia kwa wingi. Watu waliziita "kafa Ulaya", eti mwenyewe kafa huko. Sasa jina hilo tumelisahau, tunasema mitumba tu.

Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuacha kuingiza mitumba kabla ya mwaka 2019 kwisha, ili viwanda vyetu vifufuke. Marekani haikupenda. Ilisema nchi zitakazofanya hivyo zitapoteza nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi hiyo. Mambo hayo ni makubwa, na watu wenye akili hawakubaliani juu yake. Lakini mama mwenye watoto watano anayesimama sokoni Manundu na hela kidogo mkononi hangojei wakubaliane. Watoto wako uchi leo. Basi anunue, ila anunue kwa macho.

Ushike mtumba, uuelekeze kwenye jua. Mwanga ukipita kama kwenye chekecheke, kitambaa kimekwisha. Tazama kwapani, kati ya miguu, viwiko na magoti. Vuta mshono kwa vidole viwili uone kama nyuzi zinaachia. Panda na ushuke na zipu mara tatu. Kisha geuza nguo ndani utazame pindo. Ukikuta pindo pana ndani ya suruali au sketi ya mtoto, hiyo ndiyo ya kuchukua, hata kama ni ghali kidogo kuliko ya jirani yake.

Lakini mimi nawashauri msitafute nguo za watoto peke yake. Kila mama anazitafuta, na watoto wenyewe wa huko zilikotoka wamezichosha. Tafuteni nguo za watu wazima wakubwa. Shati la mwanamume mnene limechakaa kwenye kola na viwiko, lakini mgongo wake ni mzima. Mgongo huo unatoa shati la mtoto wa miaka 4. Suruali ya mtu mzima imekufa magotini na makalioni, lakini kutoka chini ya goti ni kitambaa kipya kabisa. Fundi anakata hapo kaptula ya mtoto mdogo. Shuka la mitumba la pamba ni zuri kuliko vyote. Ni kitambaa kipana, kimekwisha kurudi, rangi yake haitoki tena, na wauzaji wengi hawalithamini. Linatoa shimizi, nguo za kulalia na magauni ya kuchezea.

Ukifika nyumbani, usimvalishe mtoto kabla ya kufua. Fua kwa maji ya moto na sabuni, anika juani, piga pasi hata kwenye mishono. Upele huambukiza kwa nguo. Tena hata nguo zetu wenyewe zikianikwa kwenye nyasi au kivulini zikiwa mbichi, yuko nzi ambaye hutaga mayai juu yake, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto kama jipu. Pasi ya moto humaliza mayai hayo.

Nguo za ndani usinunue za mitumba. Shirika la Viwango, TBS, limezikataza, na sababu yake ni afya. Nunua mpya za pamba, chache, au mshonee mtoto kwa vipande vya kitambaa kipya cha pamba. Na msichana anayekaribia kuvunja ungo ahesabiwe mapema. Mama umwekee nguo za ndani za kutosha na vitambaa vyake safi, asije akashtukizwa darasani. Akina baba mnaosikia maneno haya msitazame chini. Hela ya vitu hivyo inatoka wapi kama si kwenu pia?

BEI NA MIEZI

Rahisi ni nini? Chukueni daftari. Nitatoa mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Shati moja linauzwa shilingi 4,000. La pili linauzwa shilingi 9,000. Wengi tutachukua la 4,000. Sasa, la 4,000 limepasuka baada ya miezi 4. Gawanya: shilingi 1,000 kila mwezi. La 9,000 limevaliwa miezi 18. Gawanya: shilingi 500 kila mwezi. Lipi rahisi?

Lakini hujui shati litadumu miezi mingapi usipoandika. Kwa hiyo katika daftari andika: nguo gani, ya nani, imenunuliwa wapi, bei gani, tarehe gani. Ikifa, andika tarehe ya kufa. Baada ya mwaka mmoja daftari lenyewe litakuambia fundi yupi na muuzaji yupi ni wa kumrudia.

Jambo lingine ni majira. Huku kwetu mahindi ya masika yakishavunwa, Julai na Agosti hela inapita mkononi. Sare inatakiwa Januari. Kati ya Agosti na Januari hela hiyo inayeyuka. Tunajua wenyewe inakwenda wapi. Nunua kitambaa Agosti. Kiloweshe, kikunje, kiweke sandukuni. Lakini usikikate! Hapo ndipo watu wanapoharibu. Wanashona Agosti kwa kipimo cha Agosti, na Januari mtoto ameshaongeza sentimita mbili au tatu. Kitambaa kinunuliwe Agosti, mtoto apimwe mwisho wa Novemba. Wakati huo fundi bado ana nafasi na bei hajaipandisha. Wanaocheza upatu wanaweza kufanya vilevile, kila mmoja akipokea anunue kitambaa siku hiyohiyo, kabla hela haijaonwa na wengine.

Nguo ya sikukuu nayo ina mambo yake. Mtoto ananunuliwa gauni zuri la Idd au la Krismasi. Anavaa siku moja, linakunjwa, linafungiwa. "Lisichafuke, ni la sikukuu." Sikukuu ijayo likitolewa halipiti kichwani. Gauni la hela nyingi limevaliwa mara moja! Likiisha kuvaliwa sikukuu, mwache mtoto alivae Ijumaa au Jumapili, kwenye harusi, akienda kwa bibi yake. Lichakae mwilini mwake, lisichakae sandukuni. Mende nao hula gauni bila kuchangia hela.

Kufua kunakula nguo kuliko kuvaa. Wanaofua mtoni hupiga nguo kwenye mawe mpaka vifungo vinaruka. Uchafu unatolewa na sabuni na kuloweka. Mawe hutoa nyuzi. Geuza nguo ndani nje kabla ya kuianika, rangi isiungue. Shati jeupe likifubaa, lifue mapema na uloweke katika sabuni usiku. Dawa kali za kutakatisha kama Jik zitumike kidogo sana na nguo isuuzwe vizuri, maana zikizidi kitambaa kinakatika kama karatasi. Utomvu wa mgomba hautoki. Anayekwenda kukata ndizi avae nguo ya shamba.

Viatu nitavisema kwa ufupi. Kati ya kidole kirefu cha mguu na ncha ya kiatu iwepo nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono wako, basi. Mtoto anayebalehe, miguu hutangulia kukua kabla ya mwili. Kwa hiyo mtoto anayekwenda kidato cha kwanza anunuliwe viatu mwishoni kabisa, wiki ya kufungua shule.

KUBADILISHANA SARE

Nimebakiza jambo moja, na hili haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Katika kila nyumba hapa kuna shati la shule lililompungukia mtoto kabla halijachakaa. Liko juu ya kamba, au limekuwa tambara la kufutia taa. Na katika nyumba ya tatu kutoka hapo kuna mtoto linayemtosha. Tatizo ni aibu. Watu wanaogopa kusemwa: "Huyu anavalisha watoto wake nguo za watu." Lakini mtu huyohuyo ananunua mitumba iliyovaliwa na mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua! Nguo ya mtoto wa jirani ina ubaya gani?

Napendekeza kikundi chetu kipange siku moja, mwanzoni mwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Kila mzazi alete sare zisizomtosha mtoto wake, zikiwa zimefuliwa, zimepigwa pasi, vifungo vimetimia. Mtu anayejua kuandika vizuri akae na daftari. Kila nguo ipimwe kiuno na urefu, iandikwe kwenye kikaratasi, ibandikwe kwa pini. Aliyeleta shati achukue shati, aliyeleta sketi achukue sketi. Mimi nitakuja na cherehani yangu. Kufungua pindo na kurudisha vifungo siku hiyo sitatoza. Kushona nguo nzima nitatoza, maana na mimi nina watoto.

Zitakazobaki zisirudi majumbani. Zikunjwe, zikabidhiwe kwa mwalimu mkuu kimyakimya. Anawajua watoto wake. Atamwita mtoto ofisini peke yake, atampa shati, na wenzake hawatajua limetoka wapi. Zile zilizochoka kabisa nipeni mimi. Nitatoa vifungo na zipu, na vitambaa vitakuwa viraka vya wengine.

Kabla hatujatawanyika, ninao utepe wa kupimia hapa, na penseli iko mezani. Anayetaka kupimiwa mtoto wake leo asogee mbele. Wadogo waanze, wamekwisha kusinzia.